Nataka kusomea uuguzi, ndugu zangu wanapinga. Hivi kwanini wanaume tuko wachache hivi kwenye kazi za kulea na kuuguza?

mchapakazi84:

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua nimeona nilete hapa maana humu kuna watu wa kila fani, manesi wapo, walimu wapo, kina mama wapo, sidhani kama nitakosa mawazo ya maana.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kazi yangu ilikuwa udereva. Baba alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na kuongea kukawa kwa shida. Nyumbani tuko wanne, dada zangu wawili wameolewa na wana watoto wadogo, kaka mkubwa anatuma hela, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa na mzee nyumba moja. Familia ilipokaa kikao kila mtu akawa anawaangalia dada zangu, yaani wanabishana nani kati ya wale wawili ahamie kwa mzee na mimi nimekaa pale pale hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniuliza. Nikasema nitamuuguza mimi. Kimya. Halafu mmoja akauliza, utaweza kumwogesha?

Nimeweza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha kwamba ukimvalisha shati mtu aliyepooza unaanza na mkono uliolala, na ukimvua unaanza na mkono mzima, na hicho kitu kidogo kilibadilisha asubuhi zetu kabisa maana kabla ya hapo mzee alikuwa analia kwa maumivu ya bega kila nikimvalisha. Nikajifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kukagua visigino na juu ya makalio kuona kama ngozi imebadilika rangi, kumnywesha akiwa amekaa wima kidevu kimeshuka kidogo ili maji yasimpalie. Na kuna jambo sikulitegemea, mzee mwenyewe aliniambia kwa yale maneno yake ya kukatika kwamba ana raha kuoga na mimi, kwa binti zake angeona aibu.

Sasa nataka kusomea uuguzi kabisa, vigezo ninavyo. Kaka mkubwa anasema nimechanganyikiwa, kumuuguza baba ni wajibu lakini kuifanya ndio kazi ya maisha ni kazi ya wanawake. Mchumba wangu yuko upande wangu ila kwao wameanza kuuliza huyu mwanaume gani. Naomba waliomo kwenye fani wanieleze ukweli, huko ndani ikoje kwa mwanaume? Na swali kubwa zaidi, kwanini tuko wachache hivi, ni maumbile, ni hela, au ni malezi tu? Maana mimi nimefanya na nimeona hakuna kilichonishinda.

Nesi wa Zamu:

Karibu mdogo wangu, nakuita mdogo wangu maana nimeingia wodini wewe ukiwa bado unajifunza kusoma. Mimi ni nesi mwanaume na sijawahi kujuta.

Nianze na hili la kazi ya wanawake. Ni kweli tuko wachache, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa ripoti ya hali ya uuguzi duniani na ikaonekana karibu manesi 90 kati ya kila 100 ni wanawake. Lakini watu wanadhani imekuwa hivyo tangu dunia iumbwe na sio kweli. Karne ya 16 huko Italia kulikuwa na Camillus de Lellis, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa mcheza kamari, akaanzisha shirika la wanaume wa kuhudumia wagonjwa, Papa akalikubali mwaka 1586, na wale wanaume walikuwa wanaingia kwenye tauni ambako wengine wote wanakimbia. Mambo yalikuja kugeuka karne ya 19. Shule ya Florence Nightingale ilipofunguliwa London mwaka 1860 ilichukua wanawake tu, mfano ule ukaigwa sehemu nyingi, halafu kanuni zikaja kuufunga mlango kabisa. Jeshi la Marekani lilianzisha kikosi cha wauguzi mwaka 1901 na wanaume hawakupewa kamisheni, yaani cheo cha uofisa, humo mpaka 1955. Royal College of Nursing, chama cha wauguzi cha Uingereza, ilianza kupokea wanaume 1960. Mwaka 1979, sio zamani hivyo, Joe Hogan ambaye tayari alikuwa nesi alinyimwa nafasi ya digrii ya uuguzi katika chuo cha umma cha Mississippi University for Women kwa sababu moja tu kwamba ni mwanaume, ikabidi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1982 kwa majaji 5 kwa 4, na hukumu iliandikwa na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji pale. O'Connor alisema wazi kwamba kuwakatalia wanaume kunazidi kuikomaza ile dhana kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake peke yao. Kwahiyo kaka yako akisema wanaume hawaitaki hii kazi, mweleze kwamba kwa miaka mingi hata walioitaka walifukuzwa getini.

Sasa huko ndani. Utaitwa kila penye kunyanyua mtu na kila penye mgonjwa anayepiga watu, hilo lijue mapema, na usikubali liwe ndio kazi yako. Nimeona wenzangu wameharibika migongo wakiwa bado vijana kwa sababu walijiona wana nguvu wakawa wanabeba wagonjwa peke yao. Kumsogeza mgonjwa ni mbinu, unashusha kitanda au unakipandisha kilingane na kiuno chako, mnakuwa wawili, mnakunja magoti na sio mgongo, mnatumia shuka la chini kumtelezesha badala ya kumbeba kwapani, mnahesabu pamoja ndio mnavuta. Dada mwembamba anayejua hivyo atafanya vizuri kuliko jitu la miraba minne lisilojua.

Kuna wagonjwa watakukataa, hasa wanawake, na wana haki yao. Unagonga, unajitambulisha, unaeleza unachotaka kufanya na kwanini, unauliza kama yuko radhi au angependa umwitie mwenzako wa kike, basi. Akisema anataka wa kike unamwita bila kununa. Na usisahau upande wa pili, wapo wanaume wengi kama mzee wako wanaojibana hata na mkojo kwa kuona aibu kwa manesi wa kike, hao ukiingia unaona kabisa mabega yanashuka. Wodi inawahitaji wote.

Halafu kuna hili la heshima. Wagonjwa watakuita daktari hata ukiwaambia mara ngapi, na wakubwa wanaweza kukusukuma kwenye uongozi haraka. Mwanasosholojia Christine Williams aliliandika hili mwaka 1992, kwamba wanaume kwenye fani za wanawake wanapandishwa upesi kama wamesimama kwenye ngazi ya umeme. Lakini sio wote, Adia Harvey Wingfield alipowafuatilia manesi wanaume weusi wa Marekani, 2009, alikuta wao hiyo ngazi hawaipandi, wengine wagonjwa wanadhani ni wasafishaji. Ushauri wangu ukipewa cheo kabla ya wenzako wa kike waliokutangulia na wanaojua kazi kuliko wewe, waulize wakubwa wako sababu. Hilo ndilo litawafanya wale dada wakuone mwenzao.

Jiwe la Msingi:

Mimi natofautiana kidogo na sisemi kwa dharau, mtoa mada umefanya jambo kubwa kwa mzee wako na Mungu akulipe.

Ila tuongee ukweli. Mama anabeba mimba miezi tisa, ananyonyesha, mwili wake umeumbwa kumsikia mtoto akilia usiku hata akiwa usingizini, sisi hatukuumbwa hivyo na kulazimisha tufanane naona ni kujitesa. Hilo moja. La pili hela, mwanaume bado anaulizwa ameleta nini nyumbani, sasa unamwambia mtu aache kazi inayolipa aende kwenye ulezi ambako mshahara ni mdogo na zamu za usiku haziishi, watoto wake watakula nini? Mimi nadhani wanaume hawazidharau hizi kazi, wanapiga hesabu wanaona hazitoshi. Kama kuna mtu ana jibu la hapo nitamsikiliza kwa moyo mweupe kabisa.

Mama Wawili:

Ndugu Jiwe la Msingi nashukuru umeuliza kistaarabu, naomba nikujibu kama mwanamke ninayelea na ninayefanya kazi.

Kunyonyesha sawa, hapo hakuna ubishi. Lakini baada ya kunyonyesha kuna nini? Kuna kumcheulisha, kumbadilisha nepi, kumwogesha, kufua, kumbembeleza alale, kukumbuka tarehe ya chanjo, kujua nguo zipi zimeshambana, kukesha akiwa na homa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ziwa. Na kuuguza wazee, kudeki, kupika, hivyo navyo vinahusiana vipi na mimba? Tumechukua kitu kimoja cha mwili tukakifungia mizigo mingine yote ya nyumba.

Na mizigo yenyewe sio ya hisia tu, imepimwa. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018, kwa wastani mwanamke anatumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa, mwanaume saa 1 na dakika 23. Ukijumlisha, wanawake wanabeba zaidi ya robo tatu ya saa zote hizo duniani. Ripoti hiyo hiyo ilikuta wanawake milioni 606 wa umri wa kufanya kazi wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya ulezi, wanaume wako milioni 41. Ukisema wanaume wanapiga hesabu mimi nakuelewa, lakini hesabu hiyo inatoka wapi kama sio kwa mwanamke aliyebaki nyumbani bila kulipwa? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema waliotutangulia.

Ila nataka niongeze na jambo kwa sisi wanawake, maana nalo lipo. Mume wangu alipoanza kumwogesha mtoto wa kwanza mama yangu alikuwa anasimama mlangoni, shika shingo, maji ya moto hayo, sio hivyo, lete mimi. Akawa anamwachia. Hakuna mtu atakayejifunza kitu akiwa anasimamiwa hivyo na kunyang'anywa kila akikosea kidogo. Kwa mtoto wa pili mama hakuwepo, mimi nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji siwezi hata kuinama, akafanya mwenyewe kila kitu. Anapima maji kwa kiwiko, anamlaza mtoto kichwa kikiwa kwenye mkono wake wa kushoto huku ameshika bega la mbali, anaanza na uso anamalizia na makalio. Leo yule mdogo akiumia anamkimbilia baba yake kwanza, na mimi sioni wivu hata kidogo, napumzika.

Na kuna kitu sijaona mwanaume mwenzenu anakitaja. Sio kufanya tu, ni kukumbuka. Mume anayesema niambie nikusaidie nini amekuachia kazi ya kufikiri, wewe ndio unabaki meneja wa nyumba masaa ishirini na nne. Mtoa mada alivyosema anakagua visigino vya mzee bila kuambiwa na mtu, mimi hapo ndio nimejua huyu ni mlezi kweli.

daftari_wazi:

Nadandia hoja ya maumbile maana inarudi kila mjadala kama huu.

Mwili wa mwanaume nao unabadilika akilea, hili limepimwa. Kuna utafiti ulifanyika Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walipimwa homoni ya kiume ya testosteroni wakiwa vijana wasio na watoto na wakapimwa tena miaka mingine baadaye, majibu yakatoka 2011, waliokuwa wameshakuwa baba homoni ilishuka zaidi ya wenzao, na wale waliokuwa wanatumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa nayo chini zaidi ya wale baba wasiojihusisha. Haina maana wamekuwa dhaifu, maana yake mwili unaitika ukiona kuna mtoto wa kulea. Kwahiyo mtu asiyewahi kukaa na mtoto peke yake hata siku moja halafu anasema sina kipaji, hicho kipaji angekitoa wapi?

Na ukitaka mfano wa watu, wapo Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliishi nao akawa anahesabu, akakuta baba wa kule yuko na mtoto mchanga mkononi au karibu ya kumfikia kwa mkono karibu nusu ya siku, asilimia 47. Wale ni binadamu kama sisi na wanawinda na nyavu, tena na wake zao.

Kuhusu hela Jiwe la Msingi una hoja na naiheshimu. Lakini tuangalie kwanini hela ni ndogo. Watafiti wa Marekani walichukua takwimu za sensa kuanzia 1950 hadi 2000 wakaona kazi ile ile, wanawake wakiingia wengi, malipo yake yanashuka hata ukishazingatia elimu na ujuzi. Yaani hailipi kidogo kwa sababu ni nyepesi, inalipa kidogo kwa sababu ya nani anaifanya, halafu wanaume tunaikimbia kwa sababu inalipa kidogo, inazidi kubaki ya wanawake. Tukibaki nje tunasubiri mshahara upande tutasubiri sana. Na kwa uuguzi uliosajiliwa mtoa mada usiogope sana, hauko kundi moja na mlezi wa nyumbani ambaye hana hata mkataba, huyo ndiye anayeumia kweli.

Mwisho, sheria zina nguvu kuliko mahubiri. Norwei mwaka 1993 walitenga wiki 4 za likizo ya uzazi kwa baba peke yake, asipozichukua zinapotea, mama hawezi kupewa. Kabla ya hapo baba waliochukua likizo walikuwa wachache mno, miaka michache baadaye ikawa ni wengi wao wanachukua. Wanaume ni wale wale, kilichobadilika ni kwamba bosi hawezi tena kumuuliza kwanini mke wako asikae. Japani nao kwenye karatasi waliwapa baba likizo ndefu kuliko nchi nyingi lakini 2019 waliochukua hawakufika hata 8 kati ya 100, watu walikuwa wanaogopa kuonekana wanawasaliti wenzao ofisini. Sheria ikaja kuwataka waajiri wenyewe wawaulize wafanyakazi kama wanataka hiyo likizo, na 2023 wamefika 30 kati ya 100.

mwalimu_wa_chekechea:

Nimesoma yote nimeona nichangie upande ambao haujaguswa, upande wa kushukiwa.

Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano. Duniani kote kwenye elimu ya awali zaidi ya walimu tisa kati ya kumi ni wanawake, na kwenye kituo changu mwanaume niko peke yangu. Mwaka wangu wa kwanza mzazi mmoja alimwambia mkuu wa kituo kwamba hataki mwanae apelekwe chooni na mimi. Niliumia, nitakuwa muongo nikisema sikuumia. Nilirudi nyumbani nikawa najiuliza kama niache.

Mkuu wetu alifanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Hakunizuia mimi kuwapeleka watoto chooni, aliweka utaratibu wa wote, wa kike na wa kiume, kwamba mtoto anabadilishwa sehemu ambayo mtu mzima mwingine anaona, milango ya madarasa ina vioo, hakuna mtu anayebaki na mtoto mmoja chumba kilichofungwa. Kisha akawaita wazazi wote akawaeleza. Yule mzazi mwenyewe alikuja kuniomba nimsaidie mwanae kusoma. Watoto wanalindwa kwa utaratibu unaomhusu kila mtu mzima, maana ukimzuia mwanaume peke yake umewaacha watoto bila ulinzi kwa waliobaki na umemfukuza mwalimu mzuri.

Watoto wenyewe hawana hiyo habari. Kuna kijana mmoja alikuja akiwa hataki kucheza na wanasesere, anasema ni wa wasichana, aliponiona nimekaa chini nambadilishia mwanasesere nguo alisimama pembeni siku nzima ananiangalia, kesho yake akauliza kama anaweza kumshika.

Kingine. Ujerumani vijana wa kiume waliokataa jeshi kwa sababu ya dhamira walikuwa wanafanya utumishi wa kiraia, wengi wakapangiwa nyumba za wazee, hospitali na kwa walemavu, mpaka utaratibu huo uliposimamishwa 2011 pamoja na jeshi la lazima. Vijana wengi wasingekanyaga kwenye nyumba ya wazee maisha yao yote, lakini walionjeshwa ile kazi wakaijua. Sisemi tulazimishe watu, nasema mvulana apewe nafasi ya kugusa hii kazi kabla hajaamua kwamba sio yake. Shuleni wakija watu wa fani mbalimbali kuongea na wavulana wanaletwa mainjinia na marubani, sijawahi kuona analetwa nesi mwanaume.

Jiwe la Msingi:

Hili la Norwei na hili la sensa sikuwa nalijua, nimelielewa. Kwenye mshahara bado nina wasiwasi kwa mtu mwenye familia, naona serikali na waajiri ndio wenye kazi kubwa hapo. Ila mtoa mada kwa uuguzi nenda. Mimi mwenyewe mama yangu anazeeka na nimesoma hapa nikagundua sijui hata dawa zake anakunywa saa ngapi, dada yetu ndiye anayejua. Nitaanza na hapo.

mchapakazi84:

Wakuu sijui niseme nini, mmenipa kuliko nilichotegemea. Nimemsomea mchumba wangu maoni yote, amesema ya Mama Wawili ayatume kwao.

Nimeona chuo kimoja kinapokea maombi, kina mafunzo ya vitendo kuanzia muhula wa kwanza. Nesi wa Zamu naomba uniambie kitu gani niulize kabla sijalipa ada, maana nilisikia vyuo vingine wanafunzi wa kiume hawaingizwi wodi ya wazazi.

Mama Wawili:

Mdogo wangu kabla ya chuo kuna swali hujatuambia jibu lake. Ukienda shule mzee atabaki na nani? Maana najua kitakachotokea, kikao kitaitwa tena na macho yatarudi kwa dada zako, na wao hawatakataa, wataacha shughuli zao. Usikubali. Huyo kaka anayetuma hela naye ana mikono miwili. Mfundishe kile ulichofundishwa, ile ya kuanza na mkono uliolala, mpe siku zake, sio za kuja kusalimia, za kulala pale na kumgeuza usiku. Akisema hawezi mkumbushe kwamba na wewe uliulizwa hivyo hivyo.

mchapakazi84:

Dada umenigusa penyewe. Nilikuwa nimeshapanga kichwani kumwomba dada mdogo ahamie. Nitamwita kaka wiki hii aje akae siku mbili mimi nikiwepo ajifunze, mwisho wa wiki na usiku ziwe zake, kutwa tutafute mlezi wa kulipwa kwa mkataba na hela anazotuma zianzie hapo. Mzee nimeshamuuliza, amekubali, amesema tu kaka asimwogeshe haraka haraka.

Nesi wa Zamu:

Mpango mzuri huo, ushike.

Chuo kiulize hivi. Wanafunzi wa kiume wanazunguka wodi zote ikiwemo ya wazazi, ndio au hapana? Wakikuambia ya wazazi utaisoma kwenye vitabu tu, ogopa, maana kwenye mtihani wa vitendo utapimwa sawa na wengine na siku moja utakuwa peke yako zamu ya usiku mama anajifungua. Pale wanapofanya vizuri unaingia na msimamizi, mama anaombwa ridhaa, akikataa unapangiwa mwingine na hupunguziwi alama. Uliza pia kama chuo kimesajiliwa na baraza la wauguzi na waliomaliza wanapewa leseni, hilo usilipokee kwa mdomo, nenda baraza lenyewe ukahakikishe. Ulizia wanafunzi wa kiume waliopo ni wangapi na uongee na mmoja bila mwalimu kuwepo.

Na kitu cha mwisho ambacho wengi wanakisahau, chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu kama miezi sita baada ya ya kwanza, na sio salama kushika sindano za wagonjwa ukiwa huna kinga. Kachome ya kwanza wiki hii, usisubiri barua ya kujiunga.